Alisema ni gesi, kumbe moyo

Mwaka juzi baba mdogo alikuja kwetu Tabata, jioni tukala wali maharage, kwenye saa tatu usiku akaanza kulalamika kifua kinabana. Akasema ni gesi tu, maharage yenu haya. Na sisi tukakubali! Tukampa vidonge vya gesi, mama akachemsha tangawizi, mara maziwa, yaani tumezunguka jikoni karibu saa nzima mgonjwa kakaa kwenye kochi.

Kilichonishtua ni shati. Feni iko namba tano lakini shati lake limelowa chapachapa, na mkono ukiushika wa baridi. Nikamuuliza, ba'mdogo panauma wapi hasa? Hakuonyesha kwa kidole, alikunja ngumi akaibandika katikati ya kifua, "mwanangu, kama nimewekewa mfuko wa sementi hapa". Baadaye kidogo akasema na taya linauma, na mkono wa kushoto mzito. Sasa gesi gani hiyo inapanda mpaka kwenye taya?

Daktari alikuja kutueleza kwamba bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa unaolisha moyo, na nyama ya moyo ikikosa damu inakufa kidogokidogo, kwa hiyo ile saa ya tangawizi tuliilipia. Akasema pia wanawake, wazee na wenye kisukari wakati mwingine kifua hakiwaumi sana, unakuta ni kichefuchefu, pumzi kukata na uchovu wa ajabu tu, hao ndio wanaambiwa vidonda vya tumbo wanarudi kulala.

Ningejua, ningemkalisha chini, mgongo kwenye ukuta, magoti yamekunjwa, nikamlegezea vifungo na mkanda na kumkataza kutembeatembea, huku mtu mwingine anatafuta ambulance au gari. Halafu asprini ya miligramu 300 AITAFUNE, asimeze nzima, kama una zile ndogo za 75 ni nne. Ila kama asprini inamdhuru, au ana vidonda vinavyotoa damu, au unahisi ni kiharusi, usimpe. Chakula, chai, maziwa, acha kabisa. Kama ana dawa ya kuweka chini ya ulimi aliyoandikiwa na daktari wake, atumie hiyo, siyo ya jirani.

Akizimia na hapumui vizuri (ile kukoroma kwa kuhemahema siyo kupumua) mlaze chali kwenye sakafu ngumu, weka viganja katikati ya kifua ukandamize kwa nguvu, kifua kizame sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane mpaka msaada ufike. Usiogope kumuumiza.

Sisi tulimpakia bodaboda, mshikaki, mimi nyuma nimemshika. Akizimia pale njiani ningefanya nini? Na tukakimbilia zahanati ya karibu ambayo mashine ya ECG, ile ya kupima umeme wa moyo, haina, tukaambiwa twende hospitali kubwa, muda mwingine huo umeenda. Kwa hiyo ulizia leo, ukiwa mzima, hospitali gani karibu na kwako inapima ECG usiku.

Ba'mdogo alipona, sasa hivi anameza dawa zake kila siku na bado anayasingizia yale maharage. Mimi namba ya jirani mwenye Noah ninayo, na tumeshakubaliana nimpigie hata saa nane usiku.