Udongo wa nani? Ushauri kwa anayetaka kulinganisha masimulizi ya uumbaji

Karibu kila anayeanza kulinganisha visasili vya uumbaji huanza kwa kuchora jedwali. Safu ya maji, safu ya udongo, safu ya yai, safu ya gharika, kisha anatia alama za vema. Babeli kuna maji, Misri kuna maji, kitabu cha Mwanzo kina maji. Jedwali likijaa, mwenyewe anatangaza kwamba hadithi zote ni moja, au, akiwa na hamu ya ugomvi, kwamba fulani aliiba kwa fulani.

Nimeyasoma masimulizi haya kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa nimekaa na watu wa imani isiyo yangu. Ushauri wangu wa kwanza ni kuliweka jedwali hilo kando na kuliuliza kila simulizi: wewe unajibu swali gani?

Tuchukue udongo, kwa sababu ndio unaowadanganya wengi. Katika simulizi la Atrahasis la Mesopotamia, ambalo nakala yake kongwe inayojulikana zaidi ni ya karne ya 17 kabla ya Kristo, miungu wadogo wanachimba mifereji mpaka wanachoka. Wanachoma zana zao moto na kuizingira nyumba ya Enlil, mungu mkuu wao, usiku. Kikao kinafanyika, mungu mmoja anachinjwa, nyama na damu yake vinachanganywa na udongo, na binadamu anapatikana. Kwa nini? Ili abebe kapu la kazi badala ya miungu. Hilo ni jibu la watu walioishi kwa mifereji na kujua uchungu wa kuizibua.

Mwanzo 2 nayo ina mavumbi ya ardhi na pumzi ya uhai puani. Lakini uzito wa mavumbi hayo unaonekana sura inayofuata, Adamu anapoambiwa kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi. Hapa swali ni kifo. Ukifika kwenye Qurani, mtu ameumbwa kwa udongo pia, ila sikiliza anayeutaja: katika sura ya 7, aya ya 12, Ibilisi anakataa kusujudu kwa kuwa yeye ameumbwa kwa moto na mwenzake kwa udongo. Udongo umekuwa kipimo cha kiburi. Halafu nenda Guatemala, kwenye Popol Vuh, kitabu cha masimulizi cha Wamaya wa K'iche', ambako mtu wa matope hashindi hata mtihani wa kwanza. Analegea, anayeyuka majini, anaongea maneno yasiyo na akili. Waumbaji wanamvunja na kujaribu mti. Watu wa mti wanazaana na kusema, lakini hawana moyo wala hawawakumbuki waliowaumba, kwa hiyo vyungu vyao, mawe yao ya kusagia na mbwa wao wanawageukia na kuwapiga. Waliosalia ndio nyani. Binadamu wa kweli anatoka kwenye mahindi.

Kwenye jedwali hizo ni alama nne katika safu moja. Kazi, kifo, kiburi na kumbukumbu hazionekani popote.

Jambo la pili ninalosisitiza ni kusoma maandiko ya nyumbani kwako kama mgeni kabla hujaenda kwa jirani. Mkristo aliyelelewa na hadithi ya siku sita mara nyingi hajawahi kuzisoma Mwanzo 1 na Mwanzo 2 kwa kuziweka sambamba. Katika sura ya kwanza wanyama wanatangulia, kisha mwanamume na mwanamke wanaumbwa kwa pamoja. Katika ya pili mwanamume anatangulia, kisha miti ya bustani, kisha wanyama, na mwanamke mwishoni. Sikupi hukumu kuhusu hilo, wataalamu na wahubiri wameshaandika vya kutosha. Nasema tu kwamba ukisema "simulizi la Biblia" bila kutaja ni lipi, umeanza vibaya.

Mwislamu naye ana kazi ya aina nyingine, maana Qurani haina sura moja inayosimulia uumbaji mwanzo hadi mwisho. Unaokota: sura ya 7, ya 21, ya 41, ya 50. Na ni katika 50:38 utakapoona tofauti ndogo yenye uzito. Siku ni sita kama katika Mwanzo, lakini aya inaongeza kwamba Mungu hakuguswa na uchovu wowote. Mwanzo inazungumzia pumziko la siku ya saba. Tofauti ya namna hiyo inafundisha kuliko kufanana kumi.

Ni hivyo hivyo kwa Enuma Elish, utenzi wa uumbaji wa Babeli, ambao watu hupenda kuurusha kama jiwe dhidi ya Mwanzo. Mwingereza George Smith alipochapisha tafsiri ya vipande vyake mwaka 1876, mabishano yalianza na hayajaisha. Ni kweli kuna maji ya mwanzo na maji yanayotenganishwa juu na chini. Lakini katika simulizi la Babeli, mungu Marduk anampasua Tiamat, mungu wa kike wa bahari, vipande viwili, kimoja kinakuwa mbingu. Mwanzo 1 haina vita hata kidogo. Tena jua na mwezi, vilivyoabudiwa na majirani, havitajwi kwa majina: ni mianga miwili tu, mkubwa na mdogo, nayo inakuja siku ya nne. Anayetafuta wizi hapo atapitwa na jambo lenyewe. Mimi naona hoja inayojengwa kimyakimya dhidi ya majirani.

Pia si kila simulizi linajali nyota zilitoka wapi. Katika hadithi ya Waganda, Kintu tayari yuko duniani na ng'ombe wake. Kinachotafutwa ni chanzo cha kifo: Nambi anarudi kuchukua ulezi wa kuku wake ingawa wamekatazwa, na kaka yake Walumbe, ambaye ndiye kifo, anamfuata. Kwa Wakikuyu, Ngai, yaani Mungu, anamwonyesha Gikuyu nchi kutoka juu ya Kirinyaga, Mlima Kenya, na kumpa, na koo zinatokana na mabinti wa Gikuyu na Mumbi. Hilo ni swali la ardhi na ukoo. Anayesema masimulizi kama haya "hayajakamilika" amekuja na swali lake mwenyewe mfukoni.

Kisha uliza nani aliandika. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Ymir, jitu la masimulizi ya Skandinavia ya kale ambalo mwili wake ulikuwa dunia, imepitia kalamu ya Snorri Sturluson, Mkristo wa Iceland wa karne ya 13. Popol Vuh tuliyo nayo ni nakala ya padri Francisco Ximénez, ya mwanzoni mwa karne ya 18. Na wapo Wadogon wa Mali. Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Griaule alichapisha mfumo mkubwa wa uumbaji baada ya mazungumzo yake na mzee mmoja kipofu, Ogotemmêli, mwaka 1946. Mwaka 1991 mwanaanthropolojia Walter van Beek, aliyeishi na Wadogon kwa muda mrefu, aliandika kwamba mfumo ule hakuukuta kwa watu aliozungumza nao. Tahadhari basi na sentensi inayoanza "Wadogon wanaamini".

Na wapo wanaokataa kujibu. Wimbo wa 129 katika kitabu cha 10 cha Rig Veda, andiko la kale la Wahindu, unauliza uumbaji ulitoka wapi, kisha unamalizia kwa kusema huenda anayeangalia kutoka juu anajua, au huenda hata yeye hajui. Buddha alipobanwa aseme kama ulimwengu una mwanzo, alitoa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, anayekataa utolewe mpaka ajue aliyeurusha ni wa kabila gani. Ukiwa na jedwali, utawaachia safu tupu.

Mkisoma pamoja na watu wa dini mbalimbali, kila mmoja asome kwa sauti andiko lisilo lake, na mwenye andiko azungumze wa mwisho. Utaratibu huu hupunguza mahubiri. Anzeni na Mwanzo 1 na Enuma Elish, kisha Atrahasis na hadithi ya Kintu, ambazo zinapishana vizuri kuhusu kazi na kifo. Popol Vuh iwekeni mwisho kwa kuwa ni ndefu. Baada ya watu wa mti kugeuka nyani, hadithi inawaacha binadamu na kuhamia kwa mapacha wanaocheza mpira na mabwana wa kuzimu, na mahindi yanakuja baadaye sana. Wengi huruka sehemu hiyo ya mpira. Msiiruke.