Folda Zako Hazijapotea, Zimebadilishwa Sura Tu

Minada ya korosho ikianza mwezi wa Oktoba, steshenari yetu hapa Mtwara mjini hujaa makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya mazao, wenye flashi mkononi. Mmoja katoka Nanyamba, mwingine Tandahimba, wote wanataka kuchapisha orodha za wakulima. Na mtu akishachomeka flashi tu, linakuja lile swali: "Dada, mbona mafaili yangu hayako kama nilivyoyaacha?" Ofisini kwake yalikuwa yamejipanga kwa tarehe, moja chini ya jingine. Kwangu anakuta mapicha makubwa yamejaa kioo kizima, na orodha aliyoifanya jana usiku haioni. Wengine wanaamini kabisa kompyuta yangu imewalia mafaili. Nimeeleza jambo hili kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naliandika.

Flashi hubeba mafaili. Sura ya folda haibebi. Unapoamua kwamba folda fulani ionekane kama orodha, iliyopangwa kwa tarehe, Windows huyaandika maamuzi hayo kwenye rejista ya kompyuta ile, yaani daftari lake la ndani la mipangilio, tena ndani ya akaunti ya mtumiaji aliyeingia wakati huo. Ukihamia mashine nyingine, au ukiingia kwa akaunti nyingine kwenye mashine ileile, unaanza upya. Kwa hiyo karani akinilalamikia kwamba nimemvurugia mpangilio, namjibu kwamba mpangilio wake kauacha kijijini, uko salama, ataukuta.

Sasa hapo ndipo watu huniuliza: kama kompyuta yangu haijawahi kuiona folda hii, ile sura ya picha kubwa imeitoa wapi? Imekisia. Windows huchungulia kilichomo ndani ya folda, kisha huipa aina mojawapo kati ya tano: vitu vya jumla, nyaraka, picha, muziki, au video. Kila aina ina sura yake na safu zake. Karani aliyepiga picha stakabadhi za ghalani kwa simu na kuzimwaga kwenye folda moja na orodha zake za Excel, folda hiyo picha zikizidi huhesabiwa kuwa ya picha, basi. Stakabadhi zinatandazwa kama picha za harusi.

Kichekesho zaidi ni muziki. Katibu mmoja alirekodi mikutano ya chama kwa simu, akahifadhi sauti zote kwenye folda moja. Windows ikaona mafaili ya sauti, ikaamua huu ni muziki, ikamletea safu za jina la wimbo, msanii na albamu. Safu ya tarehe, ambayo ndiyo aliyoihitaji ili ajue mkutano upi ni upi, haikuwepo. Mkutano mkuu wa mwaka hauna msanii, ingawa kwa kelele za siku ile, labda.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hujahangaika na sura, rekebisha aina. Watu wengi hufanya kinyume. Wanachagua Details, yaani sura ya orodha yenye safu, wanapanga kwa tarehe, wanafunga, kesho wanaongeza picha kumi, folda inageuka, wanaanza tena. Chukua folda kubwa inayobeba kazi zako zote, bofya kulia, ingia Properties, halafu Customize. Palipoandikwa "Optimize this folder for", chagua General items. Chini yake kuna kisanduku cha kuzifanya folda zote za ndani zifuate, kitie tiki. Hapo umeiambia kompyuta iache kukisia kwa folda hizo.

Ndipo sasa ufungue folda hiyo na kuipa sura unayoitaka. Mimi kwa kazi za ofisi nachagua Details bila kufikiri mara mbili, na napanga kwa Date modified. Angalia sana neno hilo, kwa sababu kuna safu nyingine inaitwa Date created, na hiyo huwadanganya watu. Ukinakili faili kutoka kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta, tarehe ya kubadilishwa inabaki ileile, lakini tarehe ya kuundwa inakuwa ya siku uliyonakili. Ukipanga kwa Date created, orodha ya mwaka juzi uliyoihamisha leo asubuhi inakaa juu kabisa kama mpya. Ipo na safu ya tatu, Date tupu, inayopendwa na folda za picha. Hiyo huisoma kompyuta kutoka ndani ya kila faili, na kwenye mashine kuukuu yenye picha nyingi utauona ule mstari wa kijani ukitambaa juu, folda haifunguki mpaka umalize chai. Ukihama kutoka aina ya picha kwenda vitu vya jumla, mara nyingi kero hiyo huisha.

Ukisharidhika na sura, tafuta Folder Options. Kwenye Windows 10 ipo chini ya View, kwenye Windows 11 bonyeza vile vitone vitatu vya juu halafu Options. Ingia ukurasa wa View, bonyeza "Apply to Folders". Kitufe hiki ndicho kinacholaumiwa kuliko vyote, watu wanasema hakifanyi kazi. Kinafanya, ila kinagusa folda za aina ileile tu. Ukikibonyeza ukiwa kwenye folda ya vitu vya jumla, folda za picha hazihusiki kabisa. Ndiyo maana nimesema aina kwanza.

Folda ya Downloads ina tabia yake peke yake. Tangu toleo la Windows 10 la Mei 2019, mafaili yaliyopakuliwa hugawanywa kwa mafungu: ya leo, ya jana, ya wiki iliyopita. Kuna wanaoipenda hali hiyo. Mimi hainisaidii, kwa sababu mteja akinitumia faili kwa WhatsApp Web nataka kuliona kwa jina. Bofya kulia mahali peupe, nenda Group by, chagua None.

Na kumbukumbu ya Windows ya sura za folda ina kikomo. Windows XP ilianza kwa kukumbuka folda 400, baadaye kikomo kikawa 5,000. Nambari hiyo inaonekana kubwa, lakini kompyuta ya steshenari inayochomekwa flashi za watu kutwa nzima hujaza nafasi hizo, na za zamani hutoka. Mwenye kompyuta ya nyumbani asiwe na wasiwasi. Kwa anayejua kugusa rejista, ipo njia ya kuzima kukisia moja kwa moja, thamani inaitwa FolderType na huandikwa NotSpecified, lakini kama rejista hujawahi kuifungua, usianzie kwenye mashine yenye hesabu za chama.

Mac hufanya mambo kwa namna nyingine kabisa. Yenyewe huandika sura ya folda ndani ya folda hiyohiyo, kwenye kifaili kiitwacho .DS_Store. Kwenye Mac hukioni. Ukileta flashi hiyo kwenye Windows, kinajitokeza, na watu wanakuja mbio wakisema ni kirusi. Si kirusi, ukitaka kifute, hakuna kitakachoharibika isipokuwa mpangilio. Wa Linux wana nafasi ya kuchagua: programu ya Dolphin, kwa mfano, inakuuliza kama kila folda iwe na sura yake au zote zifuate moja. Natamani Windows nayo ingeuliza.

Kirusi cha kweli kinatambulika hivi: folda zako zote zimegeuka kuwa shortcut, zenye kimshale kidogo pembeni, na ukizibofya kinafunguka kitu usichokijua. Hilo halina uhusiano na mambo ya sura. Usibofye chochote, leta flashi isafishwe kwanza. Mafaili kwa kawaida yapo, yamefichwa tu.

Kwa wale wanaozunguka na flashi, leo Masasi kesho Lindi, kuirekebisha kila kompyuta hakuwezekani, na za watu si zako kuzirekebisha. Weka tarehe mwanzoni mwa jina la faili, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku: 2024-11-05 orodha ya malipo. Ukitanguliza siku, mafaili ya tarehe tano ya kila mwezi na kila mwaka yatarundikana pamoja. Mwaka ukitangulia, mpangilio wa majina unakuwa ndio mpangilio wa tarehe, kwenye Windows, kwenye Mac, hata kwenye simu. Na nambari za minada zipe sifuri, andika Mnada 02 badala ya Mnada 2. Windows inajua kwamba 2 hutangulia 10, lakini programu nyingine husoma herufi moja moja na kukuwekea mnada wa kumi kabla ya wa pili.

Ukifika kwenye kompyuta ya mtu na foleni ni ndefu, shikilia Ctrl na Shift, bonyeza 6. Folda inageuka kuwa Details papo hapo. Kisha bofya juu ya neno Name, mafaili yajipange, uchape, uondoke.