Una presha? Acha kuiangalia chumvi ya mezani tu, angalia na magadi

Watu wengi wakiambiwa kliniki wapunguze chumvi wanaondoa kile kikopo cha mezani basi, wanaona kazi imeisha. Mama yangu ndo alikuwa hivyo, dawa anameza vizuri, chumvi ya kuongeza hagusi, na kipimo bado kinasoma 160 kwa 100. Sasa ingia jikoni kwake: maharage magadi ili yaive haraka, mlenda magadi, mchuzi una mchuzi miksi, na papa wa chumvi hakosekani.

Kinachopandisha presha ni sodiamu, yale madini yaliyomo kwenye chumvi, na magadi nayo yamejaa sodiamu, hata zile dawa za kiungulia zinazotoa povu kwenye maji nyingi zinayo. Si umeona vitunguu vya kachumbari ukivisugua na chumvi vinavyotoa maji? Sodiamu inavuta maji. Ikizidi mwilini maji yanabaki nayo, damu inaongezeka kwenye mishipa ile ile, moyo inabidi usukume kwa nguvu, namba inapanda. Figo nzima zinaitoa kwenye mkojo ila umri ukienda zinapungua nguvu, ndo maana kijana anamwagia chipsi chumvi na yuko poa, kwa sasa.

WHO wanasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo mkate na soseji vimo. Kwenye pakiti wakiandika sodiamu kwa miligramu, zidisha mara 2.5 upate chumvi yenyewe.

Kwa mama tulianza na magadi. Maharage yanalowekwa usiku, asubuhi maji yanamwagwa ndo yanachemshwa. Papa analowekwa pia, na mchuzi wake hauongezwi chumvi, nazi, ndimu na tangawizi vinatosha. Mwanzoni alinisema mpaka kwa shangazi kwamba namnyima ladha, sasa hivi akila pilau la harusini anasema chumvi kali. Presha imeshuka, na dawa anaendelea nazo, usije ukaacha zako kisa umepunguza chumvi.

Chumvi ya mawe, ya pinki, zote sodiamu ile ile usidanganyike na bei. Zile zilizochanganywa potasiamu kweli zinasaidia, ila kama una shida ya figo au unatumia dawa za presha muulize daktari kwanza, kuna dawa zinazobakiza potasiamu mwilini na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo.