Kugeuza kinanda cha zamani kiwe MIDI: pima waya za funguo kabla ya kununua bodi

Mkuu, umeuliza kama bodi ya Arduino Uno itatosha kugeuza kinanda chenu cha kanisani cha funguo 61, ambacho sauti zimekufa ila funguo bado nzima, kiwe cha MIDI (lugha ambayo kinanda huiambia kompyuta noti zipi zimepigwa), ili upigie GrandOrgue, programu ya sauti za ogani, kwenye laptop. Kinanda cha kwaya yetu nilikifanyia kazi hiyohiyo.

Uno iache. Chipu yake, ATmega328P, haina USB ya kwake, kwa hiyo kompyuta inaiona kama bandari ya siriali tu na utabaki kuhangaika na programu za katikati. Chukua bodi ya Pro Micro yenye chipu ya ATmega32U4, weka maktaba ya programu ya MIDIUSB, laptop itaitambua moja kwa moja kama kinanda cha MIDI.

Hapo ndipo penye urahisi. Kazi iko kwenye funguo. Chomoa umeme, hakikisha kapasita za pawasaplai hazina chaji, fungua mfuniko, kisha zitenganishe waya za funguo na bodi ya zamani. Vinanda vingi vya aina hiyo vina ufito mrefu wa chuma unaopita chini ya funguo zote, na kila ufunguo una kiwaya kinachougusa ukibonyezwa. Weka testa kwenye mlio, ncha moja kwenye ufito, nyingine kwenye waya wa ufunguo, bonyeza. Ikilia, ndiyo hiyo.

Ukikuta ufito, ushauri ambao mwenzetu mmoja amekupa wa kufunga matriksi ya 8 kwa 8 (waya za safu 8 zinazokatizana na waya nyingine 8, swichi moja kila makutano) haukufai. Matriksi inataka safu zinazojitegemea, na ufito umeshaziunganisha zote. Itabidi uukate vipande, halafu kila ufunguo uuwekee daiodi ya 1N4148, inayoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Ukizikwepa daiodi, na funguo umezipanga nane nane kwa mfuatano kuanzia C ya chini kabisa, piga C hiyo, E na C inayofuata juu yake: utasikia na G# ambayo hukuigusa! Umeme unazunguka kupitia swichi hizo tatu na kuifanya ya nne ionekane imebonyezwa. Ibada nzima itageuka nyuma kukutazama.

Mimi ningetumia chipu za 74HC165, zinazosoma swichi nyingi na kuzipeleka kwenye bodi moja baada ya nyingine kwa waya mmoja. Kila moja inasoma swichi 8, ukiziunga nane mfululizo unapata nafasi 64, na Pro Micro inatumia pini chache tu. Ufito peleka graundi. Kila waya wa ufunguo uende kwenye pini yake ya chipu, pamoja na rezista ya kilo-om 10 kwenda volti 5. Rezista hizo ni lazima, maana chipu haina za ndani, na pini inayoelea hupiga noti yenyewe.

Safisha viwaya na ufito kwa spiriti. Hata vikiwa safi, mguso mmoja hutetema na kutuma noti mara kadhaa. Kwenye kodi ya programu unayoandikia Pro Micro, tuma noti papo hapo swichi inapogusa, kisha iache bila kuisikiliza milisekunde 5. Wengi husubiri kwanza ndipo watume, na mpigaji anausikia ucheleweshaji huo.

C ya chini ipe namba ya noti ya MIDI 36, ya mwisho itaangukia 96. Nguvu ya mguso weka 100 daima; ogani haijali umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Kama unataka na piano, hapo kinanda hiki hakikufai, maana kila ufunguo ungehitaji miguso miwili ili kupima kasi ya kidole.

Ukishapima, weka picha ya huo ufito hapa.