Wote tunawaambia njoo saa 2, halafu natukanwa mimi wa mapokezi

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni dada wa mapokezi kwenye polikliniki moja huku Tabata, mwaka wa tatu sasa. Daktari tunaye mmoja, anaanza saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana, na kwenye daftari la miadi tunaandika watu 30 mpaka 35 kwa siku, wote tunawaambia njoo saa 2. Hapo sijahesabu wanaokuja tu wenyewe. Ikifika saa 3 benchi limejaa, watu wamesimama mpaka kwenye koridoo, wananitukana, wengine wanaondoka wanaenda kununua dawa duka la dawa bila kupima. Bosi anataka tununue programu ya kompyuta ya kupanga miadi. Itasaidia? Na kama bado hatujainunua nianzie wapi? – Dada wa Mapokezi, Tabata

JIBU: Pole sana dada yangu, na hongera kwa kuuliza maana wengi waliokaa hapo mapokezi wanazoea tu kutukanwa wanaona ndo kazi ilivyo. Mimi mwenyewe nimekaa sana kwenye mabenchi ya hivyo na mama yangu, tunafika saa 12 na nusu tunaonwa saa 6, na yule dada wa dirishani hakuwa na kosa lolote, alipewa daftari ambalo lilikuwa limeshaharibika kabla hajafungua mlango.

Programu iache kwanza. Ukiiambia iwaite watu 35 saa 2 itawaita watu 35 saa 2, tofauti ni kwamba itafanya haraka zaidi.

Anza na karatasi. Wiki moja nzima, Jumatatu mpaka Jumamosi, kila mgonjwa andika kafika saa ngapi, kaingia kwa daktari saa ngapi, katoka saa ngapi, na kama kapelekwa maabara andika pia karudi kwa daktari saa ngapi na kakaa dakika ngapi. Hiyo ya mwisho ndo karibu kila mtu anaisahau. Mtu wa homa anaingia, anaandikiwa vipimo, kile kipimo cha haraka cha malaria peke yake kinasubiriwa kama dakika 15 mpaka 20, halafu anarudi na majibu, kwa hiyo daktari kamwona mara mbili lakini daftari lako linasema mgonjwa mmoja. Sasa hawa wanaorudi na majibu wanagombania mlango na wapya, na hapo ndo kelele zinapoanza.

Tuseme ukijumlisha dakika za mara zote mbili unapata wastani wa dakika 15 kwa mtu. Daktari wako ana masaa 6, yani dakika 360, gawanya kwa 15 unapata watu 24. Hao ndo watu anaoweza kuwaona bila kukimbiza mtu. Nyie mnaandika 35 na wengine wanakuja juu yake, hata angesimama nani hapo mapokezi foleni ingekuwepo tu. Hii namba mpelekee bosi kabla hajatoa hela ya programu, kwa sababu ikionekana wagonjwa ni 40 kila siku basi kinachotakiwa ni daktari wa pili hata wa nusu siku, au daktari aanze saa 1.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1952 kule Uingereza watafiti wawili, Bailey na Welch, waliandika kuhusu kliniki za hospitali ambako wagonjwa waliitwa mapema mno ili daktari asikae bure hata kidogo, wakapendekeza wawili waitwe mwanzoni kabisa, halafu waliobaki waitwe mmoja mmoja kwa kufuata muda wa wastani wa kumwona mgonjwa. Ila Dar huwezi kumwambia mtu wa Gongo la Mboto njoo saa 3 na dakika 15, foleni ya barabarani haimruhusu, na mvua ya masika ikinyesha ndo kabisa. Mpe nusu saa. Kila nusu saa ina nafasi 2, siku nzima una nusu saa 12, jumla 24.

Usizigawe zote kwa miadi lakini. Kwa zahanati na polikliniki zetu wanaokuja wenyewe ni wengi na hasa asubuhi, mtoto kalala na homa usiku kucha mama hawezi kusubiri apangiwe Alhamisi. Mimi ningefanya hivi: saa 2 mpaka saa 4 kila nusu saa mtu mmoja wa miadi, nafasi nyingine iache wazi. Kuanzia saa 4 weka wawili, nusu saa inayofuata mmoja, tena wawili, tena mmoja, mpaka saa 8. Ukihesabu utapata 16 wa miadi na 8 za wanaokuja wenyewe. Karatasi yako ikionyesha wanaokuja wenyewe ni zaidi, hasa Jumatatu, ongeza nafasi wazi siku hiyo na wa presha wanaokuja kuongezewa dawa wasogeze Jumatano mchana. Wa sukari wanaopima wakiwa hawajala usiwasogeze mchana jamani, ni hatari kwao, hao waje mapema waanzie maabara moja kwa moja, wakishapimwa ndo wale chakula, wakiingia kwa daktari majibu yapo tayari na wanaingia mara moja tu.

Meseji za kukumbusha zinasaidia kweli watu wasisahau, tuma siku moja kabla. Ila angalia unavyoandika saa. Ukiandika 8:30 kuna mtu atasoma saa 8 na nusu mchana na kuna mtu atasoma saa mbili na nusu asubuhi, wote wako sahihi. Andika "saa 2 na nusu asubuhi". Mzee ambaye simu anashikiwa na mjukuu mpigie, usitume tu. Na ugonjwa usiutaje kwenye meseji, simu nyingi zinashikwa na nyumba nzima, tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, andika jina la kituo, siku na saa, inatosha.

Mafaili ya kesho yatoe leo jioni na kadi za bima zihakikiwe mtu akifika tu, sio akishatoka kwa daktari.

Kuna kitu kimoja kitakachoua mpango wote, nacho ni ndugu na marafiki wa wakubwa wanaopitishwa mlango wa nyuma. Mtu akimwona mmoja tu kapita hivyo, kesho anakuja saa 11 alfajiri, hakuamini tena na ile saa uliyompa. Mtoto wa degedege, mjamzito anayetoka damu, mtu kifua kinambana, hao waingie hapohapo na wewe simama uwaambie waliokaa kwamba kuna dharura, watu wetu wanaelewa wakiambiwa. Wengine wote wafuate nusu saa yao, na aliyechelewa aingie nafasi wazi inayofuata, usimrudishe mwisho wa mstari.

SWALI: Nami nina la kwangu. Mama ana presha, tunatoka Kigamboni, kila tarehe ya kliniki hanywi dawa asubuhi eti mpaka aonane na daktari, anasubiri mpaka saa 7. Ni sawa? – Binti wa Kigamboni

JIBU: Hapana mwanangu, dawa ya presha anywe muda wake wa kila siku isipokuwa daktari wake ndo kamwambia asinywe. Asipokunywa, halafu amekaa masaa yote hayo, presha itasoma juu na daktari anaweza kumwongezea dozi ambayo haihitaji. Akifika amwambie nesi kanywa saa ngapi. Na dirishani uliza kama wanaweza kumpangia saa 5 badala ya asubuhi na mapema, kivuko kinakuwa na watu wachache muda huo.