Kwa mabinti wanaoingia idara ya fedha ya supamaketi

Matokeo ya CPA, mitihani ya uhasibu ya bodi ya KASNEB ya hapa Kenya, yakitoka, mimi huanza kupokea maswali yale yale kutoka kwa mabinti wanaotaka kazi ya fedha katika maduka makubwa: nianzie wapi, niongeze cheti gani, itachukua muda gani mpaka niwe mkurugenzi wa fedha? Mimi nilianza kama karani wa malipo hapa Nairobi na nimepanda ngazi ndani ya biashara hii hii. Jibu langu la kwanza huwa halipendwi. Omba upelekwe mapokezi ya mizigo.

Ndiyo, mlango wa nyuma wa duka, pale magari ya mkate na maziwa yanapofika kabla hakujapambazuka. Dereva ana haraka kwa sababu ana matawi mengine ya kufikia. Ankara inasema kreti 40. Karani anahesabu safu ya mbele, anazidisha kichwani, anagonga muhuri, anatia sahihi. Kumbe safu ya nyuma haikujaa, na kreti za chini zina pakiti zilizovuja. Wewe uliye ofisini utaletewa karatasi yenye muhuri, nawe utalipa kreti 40. Stoo ikihesabiwa mwisho wa mwezi, maziwa yanapungua, na lawama inawaangukia makeshia na walinzi.

Biashara hii ina faida nyembamba mno. Chukua mfano wa duka linalobaki na shilingi 3 katika kila 100 za mauzo baada ya gharama zote. Maziwa ya shilingi 1,000 yakipotea mlangoni, lazima uuze bidhaa za zaidi ya shilingi 33,000 ndipo urudi ulipokuwa. Ukishalijua hilo kwa macho yako, hutaisoma tena ripoti ya upotevu kama karatasi ya kujaza faili. Mhasibu ambaye hajawahi kusimama pale mlangoni nampa heshima yake, lakini simpi tawi asimamie.

Somo la pili ni gumu kidogo, na ndilo lililoangusha wakubwa. Supamaketi huuza leo na kulipa baadaye. Sukari iliyoletwa Jumatatu huenda ikaisha kabla ya Jumapili, ilhali msambazaji anangoja siku 30, 60, wakati mwingine hata zaidi. Kwa hiyo akaunti ya benki huonekana imenona siku zote. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni za mwenye sukari, mwenye unga na mwenye sabuni, na bado hazijawafikia tu. Siku mkurugenzi atakapokuja na mchoro wa tawi jipya akasema fedha zipo, kazi yako ni kumuuliza ni za nani.

Waliokuwa Kenya miaka hiyo wanaikumbuka Nakumatt, kampuni ya supamaketi iliyoanguka. Ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilipanuka kwa madeni, wasambazaji wakacheleweshewa malipo, wakaacha kuleta mizigo, na rafu zikabaki wazi. Mteja akikosa unga mara mbili, mara ya tatu hupita moja kwa moja akaenda kwa jirani. Mauzo yakishuka, fedha ya kulipia deni la jana haipo tena. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Mwaka 2019 sheria ya ushindani ya Kenya ilirekebishwa na kutaja wazi makosa ya mnunuzi mkubwa anayemkandamiza msambazaji, yakiwemo ya kuchelewesha malipo bila sababu ya haki. Isome sheria hiyo. Wengi katika idara zetu hawajaifungua.

Mkiniuliza mwanamke wa kumtazama katika kazi hii, mimi humtaja Carol Tomé wa Marekani. Alianzia benki, kwenye mikopo ya biashara, akaingia Home Depot, kampuni ya maduka ya vifaa vya ujenzi na vya nyumbani, mwaka 1995 kusimamia hazina ya kampuni, na mwaka 2001 akawa mkuu wa fedha. Alikikalia kiti hicho hadi 2019, chini ya watendaji wakuu watatu wenye tabia tofauti kabisa. Soko la nyumba lilipoporomoka Marekani, kampuni iliuza kitengo chake cha HD Supply, kilichouzia wakandarasi kwa jumla, mwaka 2007, na Januari 2009 ikatangaza kufunga maduka yake ya EXPO ya mapambo ya nyumba. Maamuzi ya namna hiyo hayana utepe wa kukata wala picha ya gazeti, na kwangu mimi ndiyo kipimo cha mtu wa fedha. Mwaka 2014 nafasi ya juu ilipofunguka, bodi ilimpa Craig Menear. Tomé alibaki akafanya kazi naye miaka mitano. Mwaka 2020 akawa mtendaji mkuu wa UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho.

Simtaji ili mwige uvumilivu wake. Kuna mahali pa kubaki na kuna mahali pa kuondoka, na anayekunyima cheo kila mwaka kwa maneno matamu hastahili miaka yako mitano.

Kuhusu kuongoza watu: meneja wa tawi aliyekuzidi umri atakuita “binti” mbele ya kikao. Usibishane naye hapo. Nenda tawini kwake kabla ya kikao, mketi na hesabu zake, umwonyeshe bidhaa zilizolala stoo na punguzo la bei lililotolewa bila idhini. Usimwanike mbele ya wenzake kwa jambo ambalo hukumwambia faraghani. Ukimtendea hivyo mara kadhaa, ataanza kukupigia simu kabla hajaagiza mzigo, na hapo ndipo unapoanza kuongoza.

Utaambiwa pia uandike kumbukumbu za mkutano kwa kuwa mwanamke ni wewe peke yako. Wenzangu wengi husema kataa. Mimi nasema andika mwanzoni, na kila azimio liandikie jina la mhusika na tarehe ya mwisho, kisha vikao vinavyofuata uanze kwa kuuliza nani amefikia wapi. Wakishakuzoea ukiuliza hivyo, pendekeza uandishi uende kwa zamu. Chai, hapana. Chai kila mtu ajimiminie.

Mambo ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA), VAT na Excel utayajua ukiwa kazini, nisikupotezee muda nayo.

Ukiitwa kwenye usaili, nawe uliza: wasambazaji hulipwa baada ya siku ngapi, na nani huidhinisha tawi jipya? Hilo la kwanza wakilijibu kwa kuzunguka, ukitoka hapo pitia duka lao lolote ukatazame rafu za unga, maziwa na mkate kabla hujatia sahihi mkataba.