Tairi la baiskeli ya kwendea kazini: soma namba ya ubavuni kwanza

Ukiingia duka la spea za baiskeli Kariakoo ukataka tairi la ishirini na sita, utaulizwa jambo moja tu: la kashata, yaani lenye meno makubwa, au la kawaida? Swali lililotakiwa kutangulia haliulizwi: ishirini na sita ipi?

Maana zipo zaidi ya moja. Zile baiskeli za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele, nyingi huvaa 26 x 1⅜. Zile za gia zenye matairi manene huvaa 26 x 1.95 au 2.10. Kwa mdomo zote ni ishirini na sita, lakini pale tairi linapokalia ringi, ya kwanza ina kipenyo cha milimita 590 na ya pili 559. La 559 hata ulilazimishe kwa bisibisi halitaingia kwenye ringi ya 590. Ukigeuza, la 590 kwenye ringi ya 559 litaingia kirahisi, kisha litachomoka ukianza kujaza upepo. Ishirini na nane nazo ni hivyo hivyo: 28 x 1½ ya baiskeli za kizamani kama Phoenix ni 635, wakati 28 x 1⅝ x 1⅜ ni 622, sawa na yale yanayoandikwa 700C. Na 27 x 1⅜ ya Kijapani ni 609, haiingiliani kabisa na 27 x 1¼, ambayo ni 630.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, futa vumbi ubavuni mwa tairi la zamani utafute namba yenye kistari, mfano 37-590. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kile kipenyo, nayo ndiyo isiyo na mjadala. Ipige picha. Muuzaji akikwambia, "Bosi, ishirini na sita ni ishirini na sita," mwonyeshe simu.

Unene una nafasi kidogo ya kuchagua. Mimi natoka Tabata, napita mchanga wa mtaani, halafu kipande cha Barabara ya Mandela hadi Buguruni, na kwa njia ya namna hiyo nashauri uchukue nene kadiri fremu na madigadi vinavyoruhusu. Tairi jembamba huzama mchangani na hugonga ringi kwenye kila shimo.

Kashata sasa. Wengi huzipenda kwa sababu zinaonekana imara, lakini kwenye lami zinavuma, zinakula nguvu zako na zinaisha upesi. Hofu ya kuteleza kwenye maji ni ya magari. Tairi la baiskeli ni jembamba na mwendo wetu ni mdogo, linakata maji lenyewe hata likiwa karibu laini. Kinachotelezesha mvua ikinyesha ni rangi ya vivuko na mafuta ya malori. Chukua lenye mistari midogo katikati na vijino kidogo pembeni, inatosha.

Pesa yako iweke kwenye mpira wenyewe. Likunje tairi, ubonyeze ubavu kwa kidole gumba: ukiona nyufa ndogo ndogo, limeanikwa juani muda mrefu pale dukani, liache hata kama bado lina nailoni yake. Kisha shika sehemu inayokanyaga barabara usikie unene. Pancha nyingi za Mandela zinaletwa na vipande vya waya vya matairi ya malori yaliyopasuka. Vyembamba kama sindano, na vinajikusanya pembeni, palepale tunapopita sisi. Matairi yenye tabaka la kinga, kama Schwalbe Marathon Plus yenye milimita 5 za mpira wa ziada chini ya sehemu inayokanyaga barabara, ni mazito lakini yanastahili ukipata mtu wa kukuletea kutoka nje. Mafundi wetu hukata tyubu kuukuu na kuitandika ndani. Inasaidia, ila kingo zikiachwa nene huisugua tyubu hadi ikatoboka, kwa hiyo mwambie fundi azichonge ziwe nyembamba.

Linaloisha mapema ni la nyuma, maana ndilo linalobeba uzito. Hata hivyo jipya lifunge mbele, la mbele lihamie nyuma. Nyuma ikiteleza unaweza kujiokoa. Mbele ikiteleza, umeshaanguka.

Upepo fuata maandishi ya ubavuni. Ya Kijapani mengi yameandikwa 300 kPa, yaani kama PSI 44, na pampu ya fundi wa kona huzidisha hapo bila kuuliza.

Likishajaa, zungusha gurudumu taratibu utazame ule mstari mwembamba juu ya ukingo wa ringi. Uwe umbali uleule pande zote. Ukizama mahali, toa upepo, paka maji ya sabuni hapo, jaza tena mpaka usikie tairi limejipachika.